Kijana wa Kinanda na Kikao cha Jumamosi

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo hapa Uyole, Mbeya. Tuna kijana wetu wa miaka 24, mpiga kinanda wa kwaya. Mwanakwaya mmoja alishika simu ya kijana huyo akasoma ujumbe kati ya kijana na mwanaume mwenzake, ujumbe wa mapenzi, akaupiga picha. Sasa picha iko kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Wanajumuiya wanataka kijana aondolewe kwaya, mama yake avuliwe uhazini, na dada yake asipewe barua ya jumuiya ya kufunga ndoa mpaka familia ijisafishe. Wapo wanaosema twende polisi, wapo wanaosema apelekwe kwenye maombezi, na mjomba wake anasema dawa ni kumwoza haraka. Dada yangu anasali KKKT Iringa, anasema kwao mambo haya yalishakataliwa. Kijana huyu nimemwona akikua, nampenda. Ila nikimtetea nitaambiwa naleta mambo ya Wazungu kanisani. Kanisa linasema nini? Kikao ni Jumamosi. Na je, nimweleze paroko, ambaye ni mgeni kwetu?

Mama mwenyekiti, Uyole

JIBU

Milele amina, mama mwenyekiti.

Nianze na Jumamosi, maana ndiyo iliyo mlangoni. Mambo yote matatu wanayoyataka wanajumuiya wako hayamo mikononi mwenu. Kwaya iko chini ya paroko na uongozi wake. Mhazini mlimchagua kwa kazi ya uhazini, na huondolewa kwa kosa la uhazini: kala hela, hatoi taarifa, haonekani vikaoni. Kumzaa mtu si kosa la uhazini. Na barua ya ndoa ina kazi moja tu, kumthibitishia paroko kwamba binti huyu mnamfahamu, anasali nanyi, na hamjui kizuizi cha ndoa yake. Sheria za Kanisa zimevitaja vizuizi vya ndoa kimoja kimoja. Kaka wa bibi harusi hayumo.

Natambua jinsi barua hiyo ilivyogeuzwa fimbo katika parokia zetu, kuanzia huko Mbeya mpaka Njombe na Iringa. Hujatoa mchango wa ujenzi, barua hakuna. Mama yako haji jumuiyani, barua hakuna. Hata msibani watu huulizana habari ya kadi ya zaka kabla hawajamwita katekista. Wenyeviti wengi waliyakuta hayo wakadhani ni sheria. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa, nao ni wachache mno: walioikana imani kwa namna inayojulikana wazi, waliochagua kuchomwa maiti kwa kuipinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini, tena hao wote kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba. Pakiwa na mashaka anaulizwa askofu wa mahali, si jumuiya. Ikiwa maiti amewekewa ulinzi wa namna hiyo, bibi harusi aliye hai ataachwaje mikononi mwa kikao cha Jumamosi?

Sasa nirudi kwenye barua yako, maana ndani yake limo kosa moja lenye ushahidi kamili, na ndilo ambalo hakuna aliyeomba lijadiliwe. Mtu alichukua simu isiyo yake, akasoma yasiyomhusu, akapiga picha, akaimwaga mbele ya jumuiya nzima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya jina la mtu. La kwanza ni kumhukumu haraka, yaani kuuamini ubaya wake bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo. La pili ni kumsengenya, yaani kutoa nje kasoro zake kwa watu ambao hawakuzijua, bila sababu ya haki. La tatu ni kumsingizia. Litazame vizuri hilo la pili. Halidai kwamba kilichosemwa kiwe uongo. Unaweza kusema kweli tupu na bado ukawa umemtendea mwenzako dhambi, kwa kuwa haikuwa yako kuisema.

Kanuni ya 220 inaongeza kwamba hairuhusiwi kwa mtu yeyote kuharibu isivyo halali sifa njema ya mwenzake, wala kuvunja haki yake ya kutunza faragha. Na nje ya Kanisa ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Wanaotaka kwenda polisi wafikiri kwanza nani ataanza kuulizwa maswali.

Kwa hiyo ajenda yako ya kwanza ni ile picha. Ifutwe kwenye kundi, kila aliyeihifadhi aifute, na aliyeituma amwombe radhi kijana na mama yake. Alichafua hadharani, radhi nayo iwe hadharani, bila kurudia neno hata moja la yaliyoandikwa.

Halafu usimwite kijana aje kukana au kukiri mbele yenu. Hili nalisisitiza kwa sababu ndiyo tamaa ya kila kikao cha namna hii: watu wanataka wasikie. Mahali pa mtu kuifungua dhamiri yake ni kwenye kitubio, na padre anayeyasikia hapo hana ruhusa ya kumdokezea kiumbe yeyote kwa neno wala kwa ishara. Kanuni ya 983 haina mwanya. Inakuwaje padre afungwe mdomo kwa ukali huo, halafu mjumbe wa kanda asome siri za mtu kwenye WhatsApp akisubiri daladala Mwanjelwa?

Umeuliza Kanisa linasema nini. Nitakupa yote, maana wengi hutoa nusu wanayoipenda.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba tendo la mwili la watu wa jinsia moja haliwezi kukubaliwa. Hilo lipo kwenye Katekisimu namba 2357, na halijabadilishwa, si na Papa Fransisko, si na Papa Leo wa Kumi na Nne aliyechaguliwa Mei 2025. Katekisimu inausema hata mvuto wenyewe kuwa una kasoro katika mpangilio wake, maneno ambayo yamewaumiza waamini wengi, na wapo wanateolojia wanaotaka yaandikwe upya. Lakini haisemi kwamba kuwa na mvuto huo ni dhambi. Kisha namba inayofuata, 2358, inaagiza watu hao wapokelewe kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu wa kutowaumiza, na kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Hizo ni namba mbili zinazofuatana, pengine kwenye ukurasa uleule. Mimi sina mamlaka ya kuwapa wanajumuiya wako ruhusa ya kuchana ukurasa katikati.

Kama watasema hayo ni ya Fransisko na ulegevu wake, waambie tarehe. Mwaka 1986, wakati wa Yohane Paulo wa Pili, Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, alitia saini barua kwa maaskofu kuhusu uchungaji wa watu hawa. Ni barua kali kuhusu tendo lenyewe. Namba ya 10 ya barua hiyohiyo inalaani maneno ya chuki na vitendo vya kuwadhuru, na inawataka wachungaji wa Kanisa wavikemee popote vinapotokea. Ratzinger hakuna aliyewahi kumwita mlegevu.

Fransisko alichoongeza ni kutenganisha dhambi na jinai. Januari 2023, akizungumza na shirika la habari la AP, alisema kuwa na mvuto wa jinsia moja si jinai; akakubali kwamba wapo watakaosema ni dhambi, akajibu kwamba tutofautishe kwanza vitu hivyo viwili, na kwamba kukosa upendo kati yetu ni dhambi pia. Mwaka huohuo, tarehe 31 Oktoba, Roma ilijibu maswali ya askofu mmoja kuhusu wanaojitambua tofauti na jinsia waliyozaliwa nayo na wapenzi wa jinsia moja. Majibu yalikuwa ya masharti na tahadhari, lakini soma mwelekeo wake: wa kundi la kwanza wanaweza kubatizwa kama waamini wengine, ilimradi mazingira yasiwe ya kuwakwaza watu, na mwenye mvuto wa jinsia moja hakatazwi kuwa shahidi wa ndoa. Sasa weka hilo mezani pembeni ya madai ya jumuiya yako. Roma inasema mtu kama huyu anaweza kusimama shahidi kwenye ndoa ya dada yake. Nyinyi mnataka ndoa yenyewe isifungwe kwa sababu yake.

Watakaokuja na Biblia watafungua Warumi sura ya 1 na Wakorintho wa Kwanza 6:9-10. Wasikatazwe, ila wasome mpaka nukta. Orodha ya Paulo haikomi pale wanapokoma wao. Inaendelea na wevi, watamanio, walevi, watukanaji na wanyang'anyi. Sijasikia jumuiya yoyote ya Nyanda za Juu ikimtoa mtu kwaya kwa ajili ya ulanzi, na msimu wake tunaujua. Watakaoleta Sodoma waulizwe kama wamesoma Ezekieli 16:49, ambapo nabii anaitaja dhambi ya mji ule: kiburi, shibe, raha, na mkono uliokataa kumtia nguvu maskini na mhitaji. Sisemi kwamba Maandiko yamenyamaza kuhusu watu wa jinsia moja kulala pamoja. Nasema hayakutuagiza kumtafuta mmoja wa kubebeshwa za wote.

Hofu yako ya kuitwa mleta mambo ya Wazungu naielewa, na najua imezidi tangu tarehe 18 Desemba 2023, Roma ilipotoa tamko la Fiducia supplicans. Tamko lile liliruhusu padre kuwaombea baraka fupi, nje ya liturujia, hata wawili wa jinsia moja, bila kuufananisha uhusiano wao na ndoa. Huku kwetu lilizua tafrani. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, rais wa SECAM, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba baraka hizo kwa wawili wa jinsia moja hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Redio zikatangaza, watu wakashangilia, na hapo ndipo wengi walipoacha kusoma. Tangazo hilohilo linasisitiza kwamba wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na utu, na linawahimiza mapadre kutoa huduma ya kichungaji yenye kupokea na kutegemeza. Kwa hiyo mtu akikuuliza umeyatoa wapi, huna haja ya kutaja Roma. Mtaje Ambongo.

Dada yako wa Iringa amesema kweli, ila naye kaishia katikati. Mwaka 2009 Kanisa la Sweden liliamua kufungisha ndoa za jinsia moja, na Walutheri wa Marekani, ELCA, wakaamua mwaka huohuo kuwapokea wachungaji wanaoishi katika uhusiano huo. Mwanzoni mwa 2010 maaskofu wa KKKT wakatoa Tamko la Dodoma kuyakataa hayo. Kilichokataliwa kilikuwa ndoa za namna hiyo na wanaozitetea. Hakuna aliyetumwa kupekua simu za waimbaji. Na undugu wa Dayosisi ya Iringa na sinodi ya Saint Paul kule Minnesota haukufa kwa sababu ya tofauti hiyo. Waanglikana nao, mwaka 1998 katika Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wao, walipiga kura 526 kwa 70 kulikataa tendo na kubariki miungano ya jinsia moja. Azimio lilelile linasema wabatizwa waamini, bila kujali mvuto wao, ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo, na linataka wasikilizwe. Ukiyapanga matamko haya mezani utaona mengi yanafanana: milango miwili, mmoja umefungwa, mmoja umeachwa wazi. Watu wetu wameushika ule uliofungwa na kusahau kwamba upo mwingine.

Tena hilo la Uzungu lina kichekesho chake. Kijana huyu hakushuka na ndege pale Songwe. Mmembatiza nyinyi, amejifunza kinanda kwenye kigango chenu, na mama yake amehesabu mavuno yenu miaka yote hii.

Sasa polisi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu kujamiiana kinyume na maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Kinaadhibu tendo, na tendo huthibitishwa mahakamani. Nyinyi mna ujumbe wa simu. Kumtupa kijana kwenye mashine ya namna hiyo kwa picha iliyoibwa ni jambo ambalo hamtaweza kulirudisha nyuma hata mkijuta wote kwa pamoja. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule aliwataka wananchi wamtumie majina ya watu wa namna hii. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Jumuiya ya Kikristo isiwe chini ya hapo. Pia usimruhusu yeyote atishie kwa polisi ili apewe hela au ili familia ihame. Vitisho vya namna hiyo huanza mapema, na mara nyingi anayetishia ni yule aliyeanza kupiga kelele kanisani.

Maombezi: kijana akitaka mwenyewe kuombewa, aombewe kama mtu yeyote anavyoombewa. Kumshika, kumfungisha siku kadhaa, kumpigia kelele ya mapepo mpaka aseme ameponywa, hiyo ni dhuluma iliyovaa joho. Shirika la Afya Duniani liliondoa mvuto wa jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, na Kanisa letu halifundishi popote kwamba mvuto huo ni pepo. Katika liturujia yetu hakuna padre anayepunga pepo kwa mamlaka rasmi bila ruhusa ya wazi ya askofu, hiyo ni kanuni ya 1172. Mwimbaji wa pambio kutoka mtaa wa pili hana kabisa.

Na mjomba anayetaka kumwoza, mpe swali moja: atamwoza nani? Kuna binti wa watu Tukuyu au Makambako atakayeletwa kuwa dawa, asijue amekuwa dawa. Ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu ni batili, kanuni ya 1103, na ile ambayo mmoja amedanganywa kwa makusudi juu ya jambo zito la mwenzake ili aikubali ni batili pia, kanuni ya 1098. Haya nayasema kwa uchungu kidogo. Kesi za ndoa za namna hii zipo, na anayeumia zaidi huwa mwanamke ambaye miaka yote alidhani kasoro ni yake. Wapo pia mabinti walioozwa kwa sababu hiyohiyo upande wao. Tunawasahau kwa kuwa binti akinyamaza tunasema ana adabu.

Jambo moja sitaki mlichanganye na haya. Atatokea mtu aseme, "Padre, na watoto wetu wa Utoto Mtakatifu je?" Swali la usalama wa watoto ni la haki na lina jibu lake, lakini si swali juu ya kijana huyu. Mtu mzima anayemgusa mtoto, awe mwanamume au mwanamke, ameoa au hajaoa, awe katekista, mwalimu wa kwaya au padre, huyo ni wa kuripotiwa polisi na kwa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na mtoto apelekwe hospitali. Hapo hakuna faragha ya kulinda. Wekeni utaratibu: mazoezi ya kwaya ya watoto yawe na watu wazima wawili, milango wazi, mtoto asirudishwe usiku na mtu mmoja. Utaratibu uwe wa watu wote. Mkiuelekeza kwa kijana mmoja mnayemshuku, mtakuwa mmefungua mlango kwa yule msiyemshuku, na mara nyingi mwenye kudhuru watoto huwa mtu msiyemshuku.

Hapo ndipo watakapowataja Mashahidi wa Uganda, maana Karoli Lwanga yupo kwenye kila parokia. Wawataje tu. Vijana wale wa ikulu walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa kuishika imani yao, na kwa kukataa pia matakwa ya kabaka aliyetumia ufalme wake kuwaingilia watumishi waliokuwa chini yake. Lwanga aliwaficha wadogo wasifikiwe na mkubwa. Somo hilo linatuhusu sana, na linawahusu wenye madaraka kwanza. Sioni linavyowapa watu wengi nguvu ya kumzunguka kijana mmoja.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa Nyanda za Juu Kusini tunakijua kuliko Watanzania wengine, na ningekuwa kikaoni kwenu ningekaa nacho zaidi ya hizi kanuni zote. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa VVU miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe kwenye asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.4. Wazee wenzako wanakumbuka mahubiri ya miaka ile ya mwanzo: UKIMWI ni adhabu, ni wa wazinzi. Matokeo yake tuliyaona. Watu walijificha, wakaacha kuja kanisani, wakafia vyumba vya nyuma, na ndugu wakasema ni malaria. Halafu mahubiri yalipobadilika, ni jumuiya hizihizi ndogo ndogo, ni wanawake wa WAWATA walewale, umoja wa wanawake Wakatoliki, walioingia vyumba vile na uji na sabuni. Fundisho la Kanisa juu ya uzinzi halikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni nani aliingia mlangoni. Silinganishi mvuto wa mtu na ugonjwa, usinielewe hivyo. Nalinganisha sisi na sisi. Tunajua aibu inafanya nini kwa mtu na tunajua gharama ya kuchelewa kujirekebisha.

Basi kukaribisha kwenyewe kukoje? Kwanza si kubandika bango wala kufanya semina. Jumapili kijana aje, akae kwenye kinanda chake, mwalimu wa kwaya ampe nota kama kawaida. Mtu asiondoke kwenye benchi mama yake anapoketi. Wakati wa amani wapeane mkono. Wewe mwenyewe mpigie simu kabla ya Jumamosi, umwambie picha inafutwa na nafasi yake ipo. Usimuulize kama ni kweli. Akitaka kukueleza siku moja, msikilize mpaka amalize, na usianze na ushauri. Yapo mambo ambayo parokia nzima haiwezi kuyajua mpaka imsikilize angalau mmoja wa watu hawa, na sisi karibu wote hatujawahi.

Kupokea Ekaristi kunaamuliwa na dhamiri yake pamoja na muungamishi wake. Kanuni ya 912 inasema kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria anaweza na lazima akubaliwe kwenye Komunyo takatifu. Kinachozuia, kwa kanuni ya 915, ni kung'ang'ania dhambi nzito iliyo wazi, na anayepima hilo ni mhudumu wa sakramenti. Tetesi haziitwi wazi. Wanajumuiya wasimkodolee macho kwenye mstari.

Utaniuliza, na ikija kuwa kijana anaishi na mwenzake waziwazi? Hapo sitakudanganya: kuna nafasi ambazo hataweza kushika katika Kanisa Katoliki kama lilivyo leo, mathalani ukatekista au usimamizi wa ubatizo, ambao kanuni ya 874 inautaka uende na maisha yanayolingana na imani. Ni kanuni ileile inayomzuia anayeishi na mke asiyefunga naye ndoa, na hao mnao wengi, wengine wameshika vyeo. Paroko ataamua kwa kumsikiliza kwanza. Benchi la kanisa, msiba wake, ugonjwa wake na jina lake katika sala za jumuiya, hayo hayaondolewi na hali yoyote.

Jumamosi usiufungue mjadala wa ushoga kwa ujumla. Ukiufungua hutaufunga, na kijana atachinjwa ndani yake. Soma Matendo 10:28, Petro nyumbani kwa Kornelio: "Mungu amenionya, nisimwite mtu awaye yote mchafu wala najisi." Kisha sema mambo manne kwa sauti ya kawaida: picha inafutwa leo, radhi inaombwa, uhazini na kwaya haviguswi na kikao hiki, barua ya dada inaandikwa. Mwenye pingamizi aende kwa paroko kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la jumuiya. Watakaotishia kusitisha zaka waache wasitishe, watarudi wakati wa Krismasi.

Paroko mwone kabla ya kikao, hata kama ni mgeni, kwa sababu atasikia tu na ni heri asikie kutoka kwako. Mweleze habari ya picha, ya WhatsApp, ya barua ya ndoa wanayotaka izuiliwe na ya vitisho vya polisi. Hayo yanahusu mwenendo wa jumuiya, na ni wajibu wako kuyafikisha. Maisha ya kijana usimweleze. Kama kijana atataka kwenda kwa padre ataenda kwa miguu yake. Na paroko akiwa mkali kuliko wanajumuiya, jambo linalowezekana, mwombe akuonyeshe kwa maandishi kanuni inayomnyima binti barua ya ndoa kwa ajili ya kaka yake, halafu nenda nayo kwa dekano, na ikibidi kwa askofu mkuu. Barua yenyewe iandike mapema, itiwe saini na katibu, ipigwe muhuri, umkabidhi binti mkononi kabla hamjaanza kikao.